Pilipili Haiuzwi kwa Picha: Hesabu Mche Kabla Hujatuma Hela

Leo naongea na watu watatu: anayeuza pilipili ya unga, anayeuza pilipili mbichi au kavu kwa jumla, na anayeuza mbegu. Kama wewe unauza viatu au vipodozi usiondoke, humu ndani kuna habari ya laiki na oda inayokuhusu pia.

Mtandaoni pilipili inauzwa kwa picha. Utaona tunda moja kubwa jekundu linang'aa limelala kwenye kiganja. Au utaona mche mrefu wa kijani, mkulima kasimama pembeni kanyoosha dole gumba, na chini maandishi: "Mavuno ya uhakika, wahi mbegu zimebaki chache." Watu wanatuma hela. Wengine wanatuma mtaji wote.

Sasa kiukweli, ukubwa wa tunda moja na urefu wa mche peke yake havikwambii kilo ngapi zitatoka. Watafiti wanaozalisha aina mpya za pilipili wamelipima jambo hili miaka mingi, India, Ethiopia na kwingine, kwa sababu kazi yao ni kujua mche upi wauchague na upi wautupe. Mimi nina duka hapa Puge, elimu yangu ni ya sekondari, na haya nimeyasoma mwenyewe na kuyajaribu kwenye mzani wa dukani. Nayaleta kwa lugha yetu ya biashara.

TUANZE NA MAJINA, MAANA HAPO NDIPO UGOMVI UNAPOANZIA

Pilipili zote kali na hoho asili yake ni Amerika. Baada ya safari ya Columbus ya 1492 zikaanza kusambaa, na Wareno walichangia sana kuzileta pwani za Afrika na Asia. Spishi zinazolimwa duniani ni tano, ila sokoni kwetu utakutana zaidi na tatu:

• Capsicum annuum: humu wamo hoho na pilipili ndefu nyingi.
• Capsicum frutescens: pilipili kichaa, zile ndogo kama punje zinazowasha hadi masikio.
• Capsicum chinense: pilipili mbuzi, ya duara yenye harufu nzuri. Jina lisikudanganye, haikutoka China. Aliyeipa jina karne ya 18 ndiye aliyedhani hivyo.

Pilipili manga haimo kabisa. Huo ni mmea mwingine, asili yake India.

Halafu jihadhari na neno "hoho". Sisi bara ukisema hoho ni ile tamu ya kupikia, haiwashi. Zanzibar na baadhi ya maeneo ya pwani, hoho inaweza kuwa ndiyo kali, na ile tamu wanaiita pilipili boga. Mteja wa Unguja akikwambia "nitumie hoho kilo kumi", usifunge mzigo kabla hujauliza: "Ya kuwasha au isiyowasha, dada?" Swali moja linaokoa nauli ya mzigo kwenda na kurudi.

KILO ZINATOKA WAPI?

Hesabu ni ya darasa la nne:

Mavuno ya mche = idadi ya matunda × uzito wa tunda.

Tuseme mche wa kwanza kwa msimu mzima unatoa matunda 60, kila moja gramu 5. Hizo ni gramu 300. Mche wa pili unatoa matunda makubwa ya gramu 8, ila ni 30 tu. Hizo ni gramu 240. Kwenye picha mche wa pili unashinda, kwenye mzani unashindwa. Kwa miche 1,000, tofauti ni kilo 60.

Ndiyo maana kwenye tafiti nyingi za pilipili sifa inayojirudia kuambatana na mavuno makubwa ni idadi ya matunda kwa mche, na uzito wa tunda uko karibu yake. Tatizo ni kwamba hizi mbili zinavutana. Mche una chakula kile kile. Ni kama nyumba yenye debe moja la mahindi: watoto wakiwa wengi, kila mmoja anapata kidogo. Ndiyo maana mara nyingi ukiona matunda yameongezeka, kila tunda linapungua uzito. Mzalishaji wa mbegu anatafuta pale katikati, matunda mengi ambayo bado yana uzito wa kuuzika.

LAIKI NA ODA: HAPA SOMENI WOTE

Jiulize: posti yenye laiki nyingi huwa inaleta oda nyingi? Mara nyingi ndiyo. Sasa je, laiki ndiyo imeleta oda? Hapo ni swali lingine. Inawezekana posti ile ilikuwa na bei wazi, picha ya kweli, na wewe ulijibu inboksi haraka. Hivyo vitatu vimeleta laiki na vimeleta oda pia. Ukienda kununua laiki bila kurekebisha hivyo vitatu, utapata laiki na oda hutaziona.

Mwaka 1921 mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, Sewall Wright, alieleza njia ya hesabu ya kutenganisha vitu viwili: sifa inayochangia yenyewe moja kwa moja, na sifa inayochangia kwa kupitia mgongo wa nyingine. Mwaka 1959 Dewey na Lu wakaitumia kwenye mbegu za majani ya malisho, na tangu hapo wazalishaji wa mazao wanaitumia sana, pilipili ikiwemo.

Chukua urefu wa mche. Mche mrefu mara nyingi una matawi mengi, matawi yanazaa maua, maua yanakuwa matunda. Kwa hiyo urefu unaonekana unaambatana na mavuno. Ila ukitoa mchango wa matawi na matunda, urefu wenyewe unaweza kubaki na mchango mdogo sana, au hata ukawa unapunguza. Mche umekula mbolea ukapanda juu, matunda hamna. Urefu ni laiki. Matunda ndiyo oda.

Ukilielewa hili hutanunua tena mbegu kwa sababu mkulima kwenye picha amefunikwa na mche.

MAMBO SABA YA KUKAGUA SHAMBANI

Kama unanunua kwa mkulima, nenda mwenyewe au mtume mtu unayemwamini. Salimia kwanza, kisha omba ruhusa: "Shikamoo mama, naomba nihesabu kidogo kabla hatujaongea bei." Mkulima mwenye mzigo wa kweli hakatai.

1. Hesabu miche kumi, sio mmoja.
Pita shamba kwa mshazari, kona hadi kona, na uache ile ya pembezoni kwa sababu inapata jua na nafasi kuliko ya ndani. Usichague, kila baada ya hatua kadhaa chukua mche uliopo mbele yako. Hesabu matunda yaliyoiva, andika, gawa kwa kumi. Kisha chuma matunda 20 sehemu tofauti, pima, gawa kwa 20. Zidisha hizo mbili, halafu zidisha kwa idadi ya miche iliyosimama. Usitumie idadi ya miche iliyopandwa, maana iliyokufa haizai. Hapo unajua mchumo wa siku hiyo ni kilo ngapi, na mtu akikuahidi mara tatu ya hizo unajua la kumjibu.

Mfano: matunda 12 yaliyoiva kwa mche, gramu 5 kila moja, miche 850 imesimama. 12 × 5 × 850 = gramu 51,000, yani kilo 51. Kumbuka hizo ni za mchumo mmoja. Pilipili inachumwa mara nyingi kwa msimu.

2. Angalia matawi kabla ya urefu.
Mche mfupi uliotanuka, wenye matawi mengi yaliyobeba, ni bora kuliko mlingoti. Na mche mrefu uliobeba sana bila kuegemezwa, upepo ukija unalala na matunda yanaozea chini.

3. Uliza ulianza kutoa maua lini.
Mvua zetu Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Mche unaowahi kutoa maua una wiki nyingi zaidi za kuchumwa kabla ardhi haijakauka. Mkulima mwenye kisima anaweza kuvumilia mche unaochelewa, anayetegemea mvua hawezi.

4. Tazama chini ya mche.
Ukikuta maua mengi yamedondoka, kuna jambo. Sababu moja kubwa ni joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku nao ukawa wa moto, maua mengi ya pilipili yanadondoka bila kufunga tunda. Jua la Oktoba huku kwetu mnalijua. Uhaba wa maji nao unafanya hivyo hivyo. Maua ya leo ni mzigo wa wiki zijazo, kwa hiyo yakidondoka leo usimwahidi mteja wako mzigo mkubwa mwezi ujao.

5. Hesabu mikono ya kuchuma.
Pilipili ndefu ya gramu 5, kilo moja ni matunda 200. Pilipili kichaa tuseme ni nusu gramu, kilo moja ni matunda 2,000. Kila moja inachumwa kwa vidole. Ndiyo maana kichaa inakuwa ghali hata kama mche umejaa, na mkulima akikupandishia bei sio kwamba ni mchoyo, analipa vibarua. Tunda linaloachia kikonyo kirahisi na linaloiva kwa pamoja linapunguza gharama hiyo. Wazalishaji nao wanalitazama.

6. Jua unanunua maji kiasi gani.
Hili ni la wauza unga. Tuseme pilipili ndefu iliyoiva vizuri ni maji asilimia 75. Kwenye kilo 100 mbichi, kitu kikavu ni kilo 25. Ukikausha hadi ubaki unyevu wa asilimia 10, utapata karibu kilo 28. Ukichukua tunda nene la nyama nyingi lenye maji asilimia 92, kilo 100 zile zile zinakupa kavu isiyofika kilo 9.

Sasa weka bei. Tuseme mbichi zote mbili umenunua shilingi 2,000 kwa kilo, umelipa 200,000. Ile ya kwanza kilo moja kavu imekugharimu kama 7,200. Ya pili imekugharimu zaidi ya 22,000. Bado hujalipa kusaga, vifungashio na nauli. Tunda nene ni la kachumbari na mbogamboga. Unga unataka tunda jembamba lililoiva likawa jekundu kabisa. Mbichi ya kijani ina maji mengi zaidi, na rangi ya unga haitapendeza.

Wafanyabiashara wa zamani wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji waliijua hesabu hii kuliko sisi. Mzigo ulikwenda kwa kichwa cha mpagazi, kama frasila mbili, yani karibu kilo 32. Kila frasila ilikuwa na gharama ya chakula na ujira wa miezi. Leo mzigo wako unapanda basi ila kanuni ni ile ile: ukisafirisha maji, unalipia nauli ya maji.

7. Onja, ila onja sehemu sahihi.
Wengi wanaamini ukali uko kwenye mbegu. Hapana. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini na kinatengenezwa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga uliojaa mbegu akasema "ndio mkali zaidi", anakuuzia uzito. Kipimo cha ukali kilianzishwa na Wilbur Scoville mwaka 1912. Kwa kipimo hicho pilipili mbuzi na kichaa zinaipita mbali pilipili ndefu ya kawaida. Pia mche wa aina ile ile uliopata shida ya maji mara nyingi unatoa tunda kali zaidi. Kwa hiyo mzigo wa mwezi huu unaweza usifanane na wa mwezi uliopita. Onja kila mzigo kabla hujamjibu mteja anayeuliza, "Bosi, hii ni kali kweli?"

WAUZA MBEGU, HAPA NDIPO PENYE DHAMANA

Ukiuza unga mbaya, mteja anapoteza elfu tano. Ukiuza mbegu mbaya, mtu anapoteza msimu mzima, pamoja na mbolea na ada ya mtoto iliyokuwa itoke humo. Kuna mama mmoja maeneo ya huku alinunua mbegu za hoho mtandaoni kwa muuzaji ambaye baadaye hakupatikana tena kwenye simu. Ikaota, ikazaa vizuri tu, ila matunda mengine yakawa yanawasha. Sokoni wateja wakakimbia ndoo nzima, hata yale matamu hayakununuliwa.

Ilikuwaje? Ua la pilipili linaweza kujichavusha lenyewe, ila nyuki na wadudu wengine wanabeba chavua kutoka mche hadi mche. Hoho ikilimwa jirani na pilipili kali, tunda la hoho la msimu huo bado litakuwa tamu. Mabadiliko yamejificha kwenye mbegu. Atakayepanda mbegu hizo ndiye atakayekutana nayo. Ndiyo maana mtu anaweza kukuonyesha tunda zuri, akakupa mbegu zilizotoka humo humo, na mbegu zikakuangusha.

Jambo la pili ni mbegu chotara, zile zimeandikwa F1. Hizo wanachanganya wazazi wawili waliochaguliwa, na watoto wa kwanza wanafanana na kuzaa sana. Ukikamua mbegu kwenye matunda yake ukazipanda, wajukuu hawafanani: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine hana matunda. Kuziuza kwa jina lile lile la paketi ni kumdanganya mtu.

Jambo la tatu, sio kila sifa inarithiwa sawa. Umbo, urefu na uzito wa tunda kwa kawaida vinafuata ukoo vizuri. Kilo kwa ekari zinategemea pia mbolea, maji, joto na magonjwa. Kwa hiyo ukiandika kwenye posti "mbegu hii inatoa tani kadhaa kwa ekari" bila kusema wapi na kwa matunzo gani, hiyo ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Sema sifa za tunda, sema siku za kuanza kuchuma kama zilivyo kwenye paketi, mengine muachie mkulima na Mungu wake.

Kazi hii ya kuchagua mbegu haifanyiki Ulaya tu. Arusha kipo Kituo cha Dunia cha Mbogamboga, ambacho makao yake makuu ni Taiwan na kimehifadhi maelfu ya sampuli za mbegu za pilipili. Kituo hicho pamoja na kituo cha utafiti cha Tengeru ndio walioleta nyanya za Tanya na Tengeru 97 ambazo wakulima wengi mnazijua. Arusha hiyo hiyo ipo pia Afrisem, iliyoanzishwa na kampuni za Rijk Zwaan na East-West Seed, inayozalisha aina za mbogamboga kwa mazingira ya Afrika, pilipili kali zikiwemo. Mche wanaouchagua wanauhesabu matunda na kuupima, msimu baada ya msimu.

Na sheria ipo. Sheria ya Mbegu ni ya mwaka 2003, na msimamizi ni TOSCI, Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, makao yake Morogoro. Muuza mbegu anatakiwa asajiliwe, na mbegu iliyothibitishwa ina lebo yao. Mbegu za kupima kwa kijiko na kufunga kwenye kinailoni hazina lebo. Kama ndizo unazouza, acha, uza unga.

POSTI INAYOUZA BILA UONGO IKO HIVI

"Pilipili ndefu kavu, nyekundu, haina vikonyo. Imekaushwa juu ya kichanja, sio chini. Imechumwa wiki mbili zilizopita. Ukali wa kati. Kilo 5 na kuendelea. Bei hii hapa. Nauli ya basi juu ya mteja. Video ya mzani na mzigo wako utatumiwa kabla haujapanda gari."

Tazama ilivyo: aina, rangi, namna ilivyokaushwa, umri, ukali, kiasi, bei. Hilo la kichanja usiliache. Pilipili iliyokaushwa chini inapata vumbi na unyevu, inaota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Sumu hiyo huioni kwa macho wala haiishi kwa kusaga. Kama unafungasha unga na kubandika nembo yako, masuala ya usalama wa chakula tangu 2019 yako chini ya TBS, waulize utaratibu. SIDO nao wana ofisi Tabora mjini na wanafundisha usindikaji.

Na picha? Piga mche mzima, kisha piga ndoo ikiwa kwenye mzani, namba zionekane. Mnunuzi wa jumla anayejua biashara anaangalia mzani. Yule wa tunda moja kwenye kiganja atakupa laiki.

Wiki hii fanya zoezi moja: chukua matunda 20 ya pilipili unayouza, pima mabichi, kausha, pima tena. Andika namba mbili hizo ukutani dukani kwako. Bei yako ya unga itoke hapo, usiikopi kwa jirani.